Shuka Wanaijua, Sauti Bado: Kwa Aliyepewa Kazi ya Kukitangaza Kikundi Oldonyo Sambu

Umechaguliwa kuwa mtangazaji wa kikundi. Labda kwa sababu simu yako ndiyo yenye kamera nzuri, labda kwa sababu ulimaliza kidato cha nne na mwandiko wako unasomeka, labda kwa sababu siku ya kikao ulichelewa na waliowahi wakakugawia kazi. Yote heri. Mshahara hakuna, ofisi hakuna, na bando linatoka mfukoni mwako mpaka utakapolisemea kwenye kikao, jambo ambalo nitakuhimiza ulifanye mapema. Kazi hii nimeifanya kwa kujitolea upande huu wa Mlima Meru, na niliharibu mengi kabla ya kutengeneza machache. Ninayokuandikia hapa ni yale ambayo ningefurahi kama mtu angeniambia mwanzoni.

Kwanza tazama mlipo. Oldonyo Sambu ni kata ya Halmashauri ya Arusha, kando ya barabara kuu iendayo Namanga. Kila siku mabasi madogo ya Nairobi yanapita hapo na wageni wao, Noah zinapita zimeshiba abiria, malori yanapita. Kwa hiyo msidhani dunia iko mbali nanyi. Dunia inapita mlangoni, inachungulia dirishani, inaona shuka nyekundu, inapiga picha na kwenda zake. Shuka haihitaji mtangazaji. Imekwisha kutangazwa na kadi za posta, na vipeperushi vya safari za mbugani, na hata Louis Vuitton waliitia mistari yake kwenye mavazi yao ya kiume ya mwaka 2012. Wanachokijua watu ni vazi na kuruka. Sauti hawaijui: nani anaimba, anasema nini, kwa nini leo na si jana.

Nikupe mfano wa karibu. Kili Paul na dada yake Neema ni Wamaasai wa Mkoa wa Pwani. Mwishoni mwa 2021 video zao fupi wakifuatisha kwa midomo nyimbo za sinema za Kihindi zilisambaa kama moto wa kiangazi. Februari 2022 Ubalozi wa India jijini Dar es Salaam ukamtunuku Kili, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Narendra Modi akawataja wote wawili katika hotuba yake ya redio. Sina neno nao. Vijana wamejitafutia riziki kwa akili yao. Lakini jiulize, katika mamilioni waliowatazama, wangapi walisikia wimbo wa Kimaasai? Shuka ilikuwa ya kwetu, wimbo ulitoka Mumbai.

Linganisha na X Plastaz, wale vijana wa hip hop wa Arusha. Walimchukua Yamat Ole Meipuko, Mmaasai, akaimba kwa koo lake na kwa lugha yake juu ya midundo yao, na albamu yao ya Maasai Hip Hop ikatolewa Ujerumani mwaka 2004. Soko lao lilikuwa dogo kuliko la Kili Paul, mara nyingi sana. Ila aliyeinunua ile albamu alirudi nyumbani na sauti, na sauti ile ilikuwa na mwenyewe, jina lake limeandikwa. Ukikwama baadaye, ukawa hujui video ipi urushe na ipi uache, jiulize swali hilohilo: mtazamaji anaondoka na nini mkononi?

Kabla ya simu, kikao

Usirekodi chochote wiki ya kwanza. Itisha kikao. Kaa na wanaoimba, wake kwa waume, na kama kuna laigwanani, kiongozi wa mila, anayewasikiliza, mfuate kwake. Usimwite aje kwako. Inamisha kichwa akuguse, msalimie inavyopasa, kisha eleza kwa Kimaasai cha nyumbani, siyo kwa Kiswahili cha semina, kwamba unataka sauti za kikundi zifike mbali, na kwamba unaomba waseme zipi zifike na zipi zibaki.

Kwa sababu zipo za kubaki. Nyimbo za shughuli za tohara na za mabadiliko ya rika hazifanani na nyimbo za kuchangamsha harusi. Nyingine ni za wanawake peke yao na hazitaki sikio la mwanamume, nyingine zinamtaja mtu ambaye bado yuko hai na wimbo unamsema. Kule Kenya, enkipaata, eunoto na olng'esherr, sherehe tatu za kuwapandisha wanaume rika, ziliingizwa na UNESCO mwaka 2018 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Heshima kubwa, lakini nakuomba uitafakari hiyo “haraka”. Kitu kinachohitaji kulindwa hakitupwi kwenye TikTok saa nne usiku kwa sababu umepata MB za ofa.

Tokeni na orodha tatu za kuandikwa kwenye daftari: nyimbo za kurushwa kokote, nyimbo za kurekodiwa na kutunzwa tu ndani ya kikundi, na nyimbo zisizorekodiwa kabisa. Majina ya waliokubaliana yaandikwe chini. Watoto wakiwemo kwenye picha, mzazi aulizwe, na aulizwe kwa jina. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika, kuomba ridhaa si adabu tu. Lakini kusema kweli adabu ingetosha. Wazee wa Kimaasai wa Kenya na Tanzania walikwisha kuanzisha umoja wao wa kudai haki juu ya jina na sura ya Mmaasai kwenye biashara za dunia, na chanzo cha uchungu wao ni kilekile anachokijua kila mama anayeuza shanga kando ya barabara: mtu anashuka garini, anapiga picha, hasemi hata salamu ya supai.

Nyumbani kwanza

Vijana wengi wakipewa kazi hii hukimbilia kufungua ukurasa. Mimi nilifanya hivyo. Baada ya miezi miwili tulikuwa na wafuasi wa Ureno na Brazili, na siku ya onyesho wakaja watu kumi na saba, tisa kati yao wakiwa wake na watoto wa waimbaji. Tangu siku hiyo mpango wangu huanzia kwenye vumbi.

Siku ya mnada ndiyo redio kubwa kuliko zote. Nendeni waimbaji sita au wanane, ombeni ruhusa kwa mtendaji na kwa wasimamizi wa soko, simameni mahali ambapo watu hupumzika, siyo pale ng'ombe wanapopimwa bei, imbeni dakika kumi, tangazeni siku na mahali, ondokeni wakati watu bado wanataka. Dakika kumi hizo zinashinda mabango mia. Mkikaa saa nzima mmewapa onyesho lenyewe, hawana tena sababu ya kuja.

Jumapili kuna matangazo ya kanisani. Upande wetu KKKT ndiyo ina watu wengi, na tangazo likisomwa baada ya ibada linafika mpaka vitongoji ambavyo mtandao haushiki. Hapa pana kona kali. Wapo wachungaji wanaoziona nyimbo za mila kama mambo ya kale yaliyokwisha kuachwa. Usibishane, wala usimpelekee barua. Katika kikundi chenu hamkosi mzee wa kanisa au mama wa kwaya ambaye pia ni mwimbaji wa nyimbo za asili; mtume huyo. Anajua mlango upi hubishwa na upi husukumwa.

Kisha redio zenye studio. Arusha mjini zipo za kutosha, Radio 5 na Sunrise zikiwa miongoni mwake, na huko Terrat, Simanjiro, kuna Orkonerei, ambayo tangu 2002 imekuwa ikiwahudumia wafugaji. Usipige simu tu. Nenda na mkoba wenye vitu vitatu: fleshi yenye nyimbo mbili safi, karatasi moja ya maelezo kwa Kiswahili chepesi, na mtu wa kuongea. Kosa la kawaida ni kumpeleka studio yule mwenye Kiswahili kizuri, anayeongea kama mwanasiasa, na kumwacha nyumbani olaranyani, yule anayeongoza wimbo. Mpeleke olaranyani. Aimbe kidogo, aseme kwa maneno yake, wewe tafsiri. Msikilizaji wa redio hakumbuki maelezo. Anakumbuka ile sauti iliyomfanya aongeze volyumu.

Jambo dogo linalosumbua: serikalini nyinyi mnaitwa “kikundi cha ngoma za asili”. Kwenye barua kwa afisa utamaduni wa halmashauri andika hivyohivyo, ili faili lisipotee. Lakini kwenye tangazo kwa wageni usiandike ngoma, maana watakuja wakitafuta ngoma na hamna hata moja. Nyimbo za Wamaasai na Waarusha kwa kawaida hazina ngoma wala zeze. Chombo ni koo, kifua, miguu na shanga, na pembe ya tandala kwa shughuli zake maalumu. Sema hivyo. Ni sifa.

Kurekodi kwa simu kwenye upepo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona nyimbo nzuri zikifia hapa.

Adui yako ni upepo. Sisi tuko upande wa mlima ambao mvua huuruka, nchi ni wazi, na kufika saa tano asubuhi upepo umeshaamka na vumbi lake. Kwenye simu upepo husikika kama turubai linalochanwa, na hakuna programu itakayouondoa bila kuondoa na wimbo. Rekodi mapema, kuanzia saa moja mpaka saa nne. Tafuta kinga: ukuta wa shule, boma lenye uzio mzito, korongo. Upepo uwe mgongoni mwako. Kipaza sauti cha simu nyingi ni kile kitundu cha chini karibu na pa kuchajia. Kifunike kwa kitambaa chepesi chenye manyoya au sponji nyembamba. Mimi nilitumia soksi ya mtoto mchanga, ikanisaidia kuliko kifaa nilichouziwa mjini. Kaa mbali na barabara kuu pia, kwani lori la kupanda mlima linasikika kwenye rekodi hata pale ambapo sikio lako limelizoea.

Weka simu kwenye hali ya ndege, la sivyo shemeji atapiga katikati ya wimbo. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi. Picha nyingi zenye ukungu ninazoziona mitandaoni ni mafuta ya vidole tu. Ishike simu kwa ulalo kama ni kwa YouTube, na kwa wima kama ni kwa TikTok na status, na ukiwa na simu mbili mpe mwenzako ya pili muwe na zote.

Sasa mahali pa kusimama. Simu husikia kilicho karibu zaidi. Ukisimama nyuma ya wanaoruka utapata vishindo vya miguu na pumzi. Ukisimama mbali upate “mandhari nzuri ya mlima” utapata mlima, wimbo hutaupata. Simama hatua tatu au nne mbele ya olaranyani, wanaojibu wakiwa nyuma na pembeni mwake kwa nusu duara. Hapo sauti yake inatoka mbele, na zile nzito za kooni zinakuja chini yake kama zinavyokuja ukiwa umesimama pale kweli. Kwa nyimbo za wanawake sogea zaidi, kwa sababu shanga za shingoni zinapotikiswa kwa mabega zinapiga mdundo, na mdundo huo ukipotea wimbo unabaki nusu.

Anza kurekodi kabla hawajaanza. Narudia, kabla. Video nyingi za Wamaasai mitandaoni huanzia kwenye kuruka, kwa sababu mpiga picha alikuwa akisubiri kitu cha kuonekana. Lakini kichwa cha wimbo ni pale olaranyani anapotupa mstari wake peke yake, wengine wakiwa kimya wakimpima. Ukikikata hicho umekata jina la mtu. Acha simu iendelee mpaka baada ya wimbo kwisha, mpaka kicheko na mtu kukohoa. Usitembee, usivute picha karibu, usiseme “safi sana”. Ukifika nyumbani ndipo utachagua sekunde arobaini za kurusha, na rekodi nzima utaitunza kwenye memori kadi na nakala ya pili mahali pengine. Ukimtumia mtu rekodi kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama video ya kawaida inaminywa, na sauti ndiyo inayoumia.

Nenda Usa River siku moja, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira. Wana shahada ya muziki, na kuna wanafunzi ambao wangefurahi kuja na vifaa bora kuliko soksi yangu. Mkubaliane kwa maandishi rekodi zitakaa wapi na kikundi kitapata nakala lini.

Andika jina la mwimbaji

Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi nyimbo, na rekodi zake leo ziko kwenye hifadhi ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini. Kinachoifanya hifadhi ile itumike hadi sasa ni vikadi: lugha, mahali, aina ya wimbo, na mara nyingi aliyeongoza. Ukurasa wenu wa Facebook ni hifadhi ya namna hiyo hata kama hukukusudia. Kwa hiyo chini ya kila video pasikae maneno kama “Utamaduni wetu fahari yetu” na bendera tatu. Pakae hivi:

“Wimbo wa wanawake wa kuomba mvua. Anaongoza koko … wa kitongoji cha …, wanajibu wanawake wa kikundi cha …. Oldonyo Sambu, Arusha, Tanzania, asubuhi ya tarehe …. Umerushwa kwa ruhusa ya waimbaji. Anachosema: …. Kwa mawasiliano: ….”

Jaza nukta hizo na utakuwa umefanya kazi kuliko kurasa nyingi zenye wafuasi laki. Andika Kimaasai kwanza, Kiswahili chini yake, Kiingereza mwisho kama yupo wa kukisahihisha. Kwenye sehemu ya “anachosema” usiweke tafsiri yako ya kukisia. Keti na koko mwenyewe, yaani bibi anayeongoza, muulize mstari kwa mstari. Mimi niliwahi kuandika kwamba wimbo fulani unasifu ng'ombe, nikapigiwa simu na mtu wa Longido akicheka: ulikuwa unamsuta mume mlevi, ng'ombe alikuwa fumbo.

Na tahajia. Jina la kata yenu huandikwa Oldonyo Sambu, Oldonyosambu, na Oldoinyo Sambu, na kuna mlima wa jina hilohilo karibu na Ziwa Natron. Chagueni tahajia moja, itumieni kila mahali, na kila mara fuatisheni “Arusha, Tanzania”. La sivyo mtu wa Nairobi atawatafuta nyikani.

Wapi pa kurusha

WhatsApp kwanza, kwa sababu ndipo watu wenu walipo, wakiwemo wale waliohamia Dar es Salaam na Dodoma na wanaotamani kusikia nyumbani. Liwepo kundi moja la wanakikundi kwa ajili ya kazi, na jingine la wapenzi ambamo wewe na katibu tu ndio mnaoandika. Bila hivyo tangazo la onyesho litazama chini ya salamu za asubuhi na maua. Status hudumu saa ishirini na nne tu, hivyo itumie siku moja kabla ya tukio na siku yenyewe.

Facebook fungua ukurasa wa kikundi, siyo akaunti ya mtu inayoitwa jina la kikundi. YouTube iwe kabati la nyimbo nzima, na usiwaahidi wenzako hela: YouTube haimpi mtu mgawo wa matangazo kabla hajafikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi kumi na miwili, au mitazamo milioni 10 ya video fupi ndani ya siku 90. TikTok na Instagram ni za kuita watu, sekunde arobaini, basi. X ilizuiwa nchini Mei 2025, usipoteze muda nayo.

Mara mbili kwa wiki inatosha. Ni bora kitu kimoja chenye majina kila Jumanne na Ijumaa kuliko video tano kwa siku moja halafu mwezi mzima kimya. Maoni yakija, yajibu, hasa ya watu wa Maa wanaosahihisha au kuongeza. Hao ndio wenye mali. Wa matusi futa bila kujibu.

Namba muhimu ziwe pia kwenye karatasi. Oktoba 2025 intaneti ilipokatika nchi nzima kwa siku kadhaa, waliokuwa wameweka kila kitu mtandaoni walikosa hata pa kuanzia. Daftari halizimwi.

Sheria, wageni na hela

Kikundi kisajiliwe BASATA, baraza la sanaa, na kazi zenu zipelekwe COSOTA, wanaosimamia hakimiliki. Najua ni safari na nauli, lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na siku msanii wa mjini atakapochukua mwitikio wenu akautia kwenye wimbo wake, mtahitaji karatasi, hasira haitatosha. Pia kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitoka 2018 na zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. TCRA, wasimamizi wa mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini mjini Arusha. Ingia, eleza mnachorusha, uliza kama mnahitaji leseni, na jibu lao uliandike na tarehe.

Wageni watakuja kupitia kampuni za utalii za mjini au mpango wa utalii wa utamaduni ulioanzishwa mkoani kwetu miaka ya 1990 kwa msaada wa Waholanzi wa SNV. Wapelekee karatasi moja: mnaimba nini, watu wangapi, muda gani, bei gani, siku zipi hamwimbi kabisa. Hilo la mwisho ni muhimu. Mgeni akijua kuna siku msizouza, anaelewa kwamba siku nyingine amekaribishwa. Bei muipange kwenye kikao, isiwe ya kupatana na dereva getini.

Na saa! Hapa tumepoteza wageni wengi bila kujua. “Saa 8” kwenye tangazo la Kiswahili ni mchana. Mzungu akiisoma anafika asubuhi, anamkuta mama akikamua. Andika “saa 8 mchana” kwa wenyeji na 14:00 kwa wageni, kwenye tangazo hilohilo.

Hela ya kiingilio na ya wafadhili isiingie kwenye namba yako. Hata kama wewe ni mwaminifu kama maji ya mtungini, siku simu ikipotea maneno yatazaliwa. Iwepo lipa namba ya kikundi, mweka hazina aisome hesabu mbele ya watu kila mwezi, na katika hesabu hiyo uwemo mstari wa bando. Hili ndilo nililokuahidi mwanzoni. Usilalamike kwa mmojammoja pembeni. Andika kwa wiki nne ulichotumia, vifurushi, nauli ya Arusha mjini, kuchajisha simu, kisha kisome kwenye kikao kwa sauti ya kawaida. Watu hawakunyimi kwa ubaya. Wengi hawajui kwamba kurusha video kunagharimu.

Siku utakayoondoka

Utaondoka. Utapata chuo, utaolewa, utaoa, utaitwa kazini Mirerani au Dodoma. Najua kikundi ambacho mtangazaji wake alihama na ukurasa ukahama naye: nywila ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu ambaye hakuna aliyemjua, na barua pepe ilikuwa ya shule aliyokwisha kumaliza. Miaka minne ya nyimbo bado ipo pale, inaonekana, na hakuna anayeweza kuongeza neno wala kubadilisha namba ya simu, ambayo sasa ni ya fundi wa pikipiki huko Ngaramtoni. Anapigiwa na Wajerumani, maskini, na anawajibu kwa upole.

Kwa hiyo leo, kabla ya video ya kwanza, fungua barua pepe ya jina la kikundi na uitumie kwa kurasa zote. Wasimamizi wawe wawili tangu mwanzo, mmoja awe binti au kijana mdogo kuliko wewe, akae pembeni yako kila unaporusha. Nywila ziandike kwenye karatasi, zitie kwenye bahasha, gundi, saini ya katibu juu ya gundi, na bahasha ikae kwa mweka hazina ndani ya sanduku lilelile la kitabu cha hesabu. Ukibadilisha nywila, badilisha bahasha siku hiyohiyo. Na kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari, juu ya zile orodha tatu, andika majina ya waimbaji wote kama wanavyotaka yaandikwe. Anza na koko. Muulize jina lake lote. Utashangaa ni watu wangapi hapo kijijini wasiolijua.